Margery Kempe, Mama Aliyelia Mpaka Mji Ukamchoka

Ukisoma Historia ya Ulaya ya Zama za Kati lazima utakutana na huyu mama, na mara nyingi utakutana naye kwa kicheko. Kwenye semina mtu anasoma kwamba kulikuwa na mwanamke wa Uingereza, miaka 600 iliyopita, aliyekuwa akilia kanisani kwa sauti mpaka mahubiri yanasimama. Darasa linaangua kicheko, mmoja anasema huyo alikuwa na wazimu tu, na mjadala unaishia hapo. Na mimi nilicheka. Baadaye nikapangiwa kumwandikia insha, ikabidi nisome kitabu chake mwanzo hadi mwisho, na nilipofika katikati kicheko kilikuwa kimenitoka. Ndiyo maana naandika makala haya. Tumemhukumu mama wa watu bila kumsikiliza, na kwa bahati mbaya hatukuwa wa kwanza.

Margery alizaliwa karibu mwaka 1373 katika mji wa bandari uitwao Bishop's Lynn, mkoa wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Leo mji huo unaitwa King's Lynn, baada ya Mfalme Henry VIII kuuchukua kutoka kwa maaskofu mwaka 1537. Enzi za Margery mwenye mji alikuwa Askofu wa Norwich, lakini walioutia uhai walikuwa wafanyabiashara. Meli zilipakia sufu, nguo na nafaka, zikarudi na samaki wakavu, mbao, manyoya na nta kutoka Norway na miji ya Wajerumani ya Bahari ya Baltiki. Kulikuwa na masoko mawili, la Jumanne na la Jumamosi, na kanisa kubwa la Mtakatifu Margaret lililoelekea soko la Jumamosi. Juu ya wote kulikuwa na Chama cha Utatu Mtakatifu, chama cha matajiri wa mji, ambacho bila wewe kuwa mtu wake usingekuwa na sauti popote.

Baba yake, John Brunham, alikuwa mtu wa chama hicho. Alishika umeya wa Lynn mara 5 na aliuwakilisha mji bungeni mara kadhaa. Kwa hiyo Margery alikuwa mtoto wa mkubwa, na alijijua. Alipofika umri wa miaka 20 hivi akaolewa na John Kempe, mtu wa mji huohuo, mwenye heshima yake lakini si wa kiwango cha Brunham. Margery hakumficha hilo. Mumewe alipomkanya kuhusu mavazi yake ya fahari, alimjibu kwamba ametoka ukoo mkubwa, kwamba yeye John hakustahili kumwoa, na kwamba atailinda heshima ya kwao hata iweje. Hebu fikiria hayo ndani ya nyumba, asubuhi, kabla ya chai!

Kilichobadilisha maisha yake kilikuja mapema. Baada ya kujifungua mtoto wa kwanza aliugua sana. Akamwita padri aungame, kwa sababu kulikuwa na dhambi moja ya zamani ambayo hakuwahi kuitamka. Padri alikuwa mkali, akaanza kumkemea kabla hajamaliza kusema, na Margery akanyamaza. Dhambi hiyo hakuitaja tena, hata kitabuni. Kuanzia hapo akili ikamtoka kwa zaidi ya nusu mwaka. Aliona mashetani yamefungua vinywa vinavyowaka moto, akawatukana mume na rafiki zake, akajiuma mkono mpaka kovu likabaki maisha yake yote, akajirarua ngozi ya kifua kwa kucha. Walimfunga kamba usiku na mchana asijiue. Leo mkunga yeyote angejua jina la hali kama hiyo, maana wapo kina mama wanaopatwa nayo baada ya kujifungua. Wakati ule maneno yaliyokuwepo yalikuwa mashetani na dhambi, na Margery aliyatumia hayo kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo.

Anavyosimulia yeye, siku moja akiwa peke yake alimwona Yesu ameketi kando ya kitanda chake, amevaa joho la hariri ya zambarau, akimuuliza kwa upole kwa nini amemwacha ilhali yeye hakumwacha kamwe. Akili ikamrudia papo hapo. Na kitu cha kwanza alichofanya baada ya mwono huo? Alimwomba mumewe funguo za stoo ya chakula na vinywaji, kama ilivyokuwa kawaida yake. Wafanyakazi na walinzi wakamsihi bwana asimpe, kwa kuwa hajui anachokifanya. John Kempe akampa. Kwangu mimi hapo ndipo alipopona, zile funguo ziliporudi mkononi mwake. Katika nyumba ya mjini zama zile mwenye funguo ndiye mama mwenye nyumba, na kunyang'anywa funguo ni kuambiwa si mtu tena. John Kempe historia imemchukulia kama mume bwege, lakini mara nyingi nikisoma namwona mtu mwema.

Hakuwa mtakatifu mara moja, usidhani. Alirudi kwenye mavazi yake ya madaha, na mapambo ya dhahabu kichwani, akiwaonea wivu majirani wakivaa vizuri kumzidi. Kisha akaingia kwenye biashara. Alianza kutengeneza pombe ya shayiri, na kwa miaka 3 au 4 alikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa mji.

Hapa inabidi nisimame kidogo, maana bila kuelewa pombe huwaelewi wanawake wa miji ya Uingereza wakati huo. Pombe ilikuwa kinywaji cha kila siku cha wakubwa na wadogo. Haikuwa na hopsi kama bia ya leo, kwa hiyo ilichacha baada ya siku chache tu na ilibidi itengenezwe upya kila mara. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake kwa sehemu kubwa: mke anatengeneza ya nyumbani, inayobaki anauza, na mtaa unajua leo pombe iko kwa nani. Serikali ilipanga bei na kipimo, na waliokiuka walitozwa faini. Lakini kisheria pesa hiyo haikuwa yake. Kwa sheria ya Uingereza, mwanamke akishaolewa mali yake yote ya kuhamishika ni ya mume, hawezi kufanya mkataba wala kushtaki kwa jina lake. Baadhi ya miji, London ikiwemo, iliruhusu mke kufanya biashara kama mtu asiyeolewa, na deni lake likawa lake mwenyewe. Mjane ndiye aliyekuwa huru zaidi kuliko wote. Kwa hiyo wanawake walikuwepo sokoni kila kona, wakisokota, wakioka, wakiuza samaki, wakitumika kwenye nyumba za watu, halafu kwenye orodha za wakubwa wa mji unawatafuta kwa tochi.

Basi, biashara ya Margery ikafa. Pombe ilikuwa inapanda povu vizuri, kisha ghafla povu linashuka na pombe yote inapotea, pipa baada ya pipa, mpaka wafanyakazi wakaona haya kubaki kwake. Hakukoma. Akanunua farasi wawili wazuri na kuajiri mtu wa kusaga nafaka za watu kwa kinu cha kuvutwa na farasi. Siku moja, karibu na sikukuu ya Ekaristi, farasi aliyekuwa akivuta vizuri jana yake akakataa kwenda mbele. Wakamvuta kichwa, wakamchapa, wakampanda na kumchoma kwa spua, akawa anarudi nyuma tu. Farasi wa pili naye vilevile. Mfanyakazi akaondoka, na mji mzima ukasema mama huyu amelaaniwa. Yeye akasema Mungu anamwita. Tukisema ukweli, angefanikiwa kwenye mojawapo ya biashara hizo tusingemsikia leo. Angekufa tajiri na kusahaulika.

Usiku mmoja akiwa kitandani na mumewe alisikia muziki mtamu kiasi kwamba aliruka kutoka kitandani na kusema ole wake kwamba aliwahi kutenda dhambi, maana mbinguni kuna raha. Tangu hapo hakutaka tena tendo la ndoa. John hakukubali, na sheria ya kanisa ilikuwa upande wake, kwa sababu kila mwanandoa ana deni kwa mwenzake na hawezi kujitoa peke yake. Wakaendelea, na watoto wakaendelea kuja. Walifika 14. Kumi na wanne, jamani, ndani ya miaka 20, na mama alishapoteza akili kwa uzazi wa kwanza. Wasomi wanaoandika kwamba Margery alichukia mwili wake wangeanza kwanza na hesabu hiyo.

Mkataba wao ulifanyika barabarani. Ilikuwa Juni 1413, mkesha wa sikukuu ya Yohana Mbatizaji, wanarudi kutoka York kwenye joto kali, mke amebeba chupa ya bia, mume amebeba keki kifuani. John akamuuliza: akitokea mtu na upanga, akasema atanikata kichwa nisipolala nawe kama zamani, utaniacha nikatwe? Margery akakiri kwamba ni heri amwone akiuawa kuliko warudi kwenye yale mambo. John akamwambia kwamba yeye si mke mwema. Lakini hakuishia hapo, akaweka masharti yake: waendelee kulala kitanda kimoja, amlipie madeni yake kabla hajaenda Yerusalemu, na Ijumaa aache kufunga, ale na kunywa naye kama zamani. Margery akaenda chini ya msalaba uliokuwa shambani, akasali akilia, na akarudi na jibu. Madeni atalipa, Ijumaa atakula naye, lakini kitandani mwake asije. Wakapiga magoti, wakasali, kisha wakala keki na kunywa bia kwa furaha. Mwaka huohuo baba yake Margery alifariki, na haishangazi kwamba mtoto wa Brunham alikuwa na fedha ya kulipa madeni ya mume. Yaani mwanamke huyu aliununua mwili wake, kwa pesa taslimu, kutoka kwa mtu aliyekuwa nao kisheria. Sioni jinsi nyingine ya kulisema.

Baada ya hapo walikwenda pamoja kwa Philip Repingdon, Askofu wa Lincoln, ili nadhiri ithibitishwe. Askofu alimkaribisha vizuri, akampa fedha ya kununulia nguo, lakini aliogopa kumvika nguo nyeupe alizozitaka, kwa kuwa nyeupe ilikuwa ya mabikira. Akamwelekeza kwa mkubwa wake, Askofu Mkuu Thomas Arundel wa Canterbury. Pale Lambeth, kabla hata hajaonana na mwenyewe, Margery aliwakemea watu wa nyumba yake kwa kuapa ovyo. Mwanamke mmoja akamlaani, akitamani amwone kule Smithfield akichomwa moto. Halikuwa neno la mzaha. Mwaka 1401 bunge lilipitisha sheria ya kuwachoma moto wazushi, na hata kabla haijapita, William Sawtre alikuwa ameshachomwa London. Alikuwa padri aliyewahi kuhudumu palepale Lynn, kwenye kanisa la Margery. Waliolengwa walikuwa Walollard, wafuasi wa mawazo ya John Wycliffe wa Oxford, waliotaka Biblia kwa Kiingereza na walioshutumiwa kuwaruhusu hata wanawake kufundisha. Arundel ndiye aliyeongoza msako huo. Naye Margery aliongea na Arundel bustanini mpaka nyota zikatoka, akamwambia wazi kwamba atawajibika mbele ya Mungu kwa watu wake. Hakukasirika.

Katika kipindi hicho alikwenda Norwich kumwona Juliana, mtawa aliyejifungia katika chumba kilichoshikamana na kanisa na kuzungumza na watu kupitia dirisha. Juliana ndiye mwandishi wa kitabu cha zamani zaidi cha Kiingereza tunachojua kimeandikwa na mwanamke. Wakazungumza kwa siku kadhaa. Mmoja amekaa chumbani bila kutoka, mwingine hatulii mahali pamoja, na bado wakaelewana. Juliana alimpa moyo kwamba machozi ni karama, ila alimtaka apime kila anachokiona: kama kinakwenda kinyume na upendo, hakitoki kwa Mungu.

Mwisho wa 1413 akapanda meli Yarmouth kuelekea Yerusalemu, bila mume. Wasafiri wenzake walimchoka kabla hajafika nusu ya njia. Hakula nyama, alilia, na mezani hakuwa na habari nyingine isipokuwa Mungu. Wakamkata gauni likaishia chini kidogo ya magoti, wakamvisha gunia aonekane mpumbavu, wakamkalisha mwisho wa meza, mwishowe wakamwacha Constance. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, William Weaver wa Devon, akakubali kumsindikiza, nao wakafika Italia kabla ya wale waliomwacha. Kalvari, ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, ndipo kile kilio kikubwa kilipoanza: akaanguka, akanyosha mikono, akapiga yowe kana kwamba moyo unapasuka. Kitamfuata kwa miaka mingi. Nchi Takatifu, Wakristo wenzake walipokataa kumsaidia kupanda mlima ambako inasemekana Yesu alifunga siku 40, alipita kijana Mwislamu mtanashati. Margery akamtia sarafu mkononi, na kijana akampandisha mpaka juu. Ameandika wazi kwamba Waislamu walimtendea vizuri na kumwongoza alikotaka kwenda, na kwamba waliomkosea adabu walikuwa watu wa nchi yake. Kwa mtu wa enzi za vita vya msalaba, si mchezo kuandika hivyo.

Rudi yake ilipitia Rome, ambako aligawa fedha zake zote, akaomba mlango kwa mlango na kumtumikia bibi kizee maskini kwa wiki 6. Nyumbani alirejea 1415. Mwaka 1417 akaenda Santiago, Hispania. Hiyo ilikwenda haraka. Matatizo yalikuwa yanamsubiri Uingereza.

Wakati huo John Oldcastle, mheshimiwa Mlollard aliyeongoza uasi ulioshindwa mwaka 1414, alikuwa bado mafichoni, na kila mgeni alitiliwa shaka. Hebu sasa afike mwanamke wa makamo, amevaa nyeupe, hana mume pembeni, anaongea habari za Mungu na kila anayemkuta. Leicester walimkamata. Mlinzi wa jela akamwonea huruma, akamweka nyumbani kwake na mkewe badala ya kumchanganya na wanaume. Msimamizi mmoja wa serikali alimshika mkono, akampeleka chumbani na kumtisha kwamba atamwingilia. Aliponyoka kwa kumweleza anakopata maneno yake, yule bwana akashangaa akamwacha. Kisha akahojiwa juu ya imani kanisani, mbele ya mapadri na watu waliopanda juu ya viti ili wamwone. Alijibu sawasawa kila swali. Ndipo meya akafichua kilichomsumbua hasa: alimwambia kwamba anaamini amekuja kuwachukua wake zao aondoke nao.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Hakumshtaki kwa habari ya ekaristi wala ya sanamu. Aliogopa kwamba wake wa Leicester wakimwona mke wa mtu anatembea dunia nzima peke yake kwa nadhiri aliyoipata kihalali, watauliza maswali nyumbani.

York ikawa hivyohivyo. Askofu Mkuu Henry Bowet aliagiza aletewe pingu, na Margery alitetemeka mpaka akaficha mikono ndani ya nguo. Lakini alipoamriwa aape kwamba hatawafundisha watu wa jimbo, akakataa. Padri mmoja akaleta maandiko ya Mtakatifu Paulo yanayokataza mwanamke kuhubiri. Margery akajibu kwamba yeye hapandi mimbari, anazungumza tu, na kwamba mazungumzo na maneno mema atayatumia maisha yake yote. Ukitazama vizuri utaona ujanja wake: sheria ilikataza kuhubiri, haikukataza kupiga soga. Aliwasimulia pia hadithi ya padri aliyelala chini ya mpeasi uliojaa maua, akaona dubu anayala maua yote kisha anageuka na kuyatoa kwa nyuma. Padri mwovu, maana yake, ndiye huyo dubu. Mmoja wa waliomshtaki alikiri imemchoma. Bowet aliifurahia, kisha akatoa shilingi 5 kwa mtu wa kumsindikiza nje ya jimbo haraka iwezekanavyo.

Hakufika mbali. Watu wa Duke wa Bedford walimkamata tena, wakampeleka Beverley. Njiani wanawake walitoka majumbani na vijiti vyao vya kusokotea, wakipiga kelele achomwe moto. Siwezi kuruka hilo, kwa sababu tunapenda kuandika kana kwamba wanawake wote wa zamani walikuwa kitu kimoja. Lakini Beverley alipofungiwa chumba cha ghorofani, alisimama dirishani akawa anasimulia hadithi, na chini wanawake wakakusanyika, wakalia naye. Akasema ana kiu. Mke wa nyumba akamwambia ufunguo ameondoka nao bwana. Basi wanawake wakaweka ngazi ukutani, wakampandishia mvinyo ndani ya chungu, wakamwomba akifiche chungu na kikombe yule bwana asije akavikuta. Ufunguo tena, unaona. Safari hii waliupita kwa ngazi.

Shitaka jipya lilikuwa kwamba alimshauri Lady Greystoke amwache mumewe. Huyo alikuwa mtoto wa Lady Westmorland, na damu ya mfalme ilikuwa ndani ya familia hiyo. Margery alikana, akaeleza hadithi aliyoisimulia kweli, iliyohusu kuwasamehe adui. Wakamwachia.

Lynn kwenyewe hawakuwa na jibu moja juu yake. Mtawa mmoja mhubiri maarufu alimpiga marufuku kwenye mahubiri yake kwa sababu ya kelele, na wengi wakamwepuka mezani na barabarani. Halafu Januari 1421 moto mkubwa ukateketeza jumba la Chama cha Utatu na kutishia kanisa. Wale waliokuwa wakimkataza kulia wakamwambia alie kwa nguvu zote. Theluji ikaanguka, moto ukazimika, na baada ya siku chache wakarudi kumnung'unikia. Wagonjwa wa kufa nao walimwita akae nao. Waliochukia sauti yake wakiwa wazima hawakutaka kufa bila hiyo sauti.

Tukio ninalolipenda kuliko yote ni dogo. Siku moja kanisani alimkuta mwanamume amepiga magoti, akikunja mikono kwa uchungu. Mkewe alikuwa amejifungua karibuni na akili imemtoka, hamtambui mtu, anapiga kelele na kuuma. Margery akaomba kumwona. Mgonjwa alipomwona akatulia, akazungumza naye vizuri, akamwomba asiondoke. Akija mtu mwingine, kelele zinarudi. Ikabidi ahamishiwe nyumba ya mbali, mwisho wa mji, amefungwa minyororo mikono na miguu. Margery akawa anakwenda huko kila siku, mara moja au mbili, mpaka akili ikamrudia na akapelekwa kanisani kushukuru kama mama wengine waliojifungua. Kitabuni Margery hasemi neno lolote kulinganisha na yaliyompata yeye. Lakini alijua kamba ni nini.

Kuhusu mumewe: walikuwa wanakaa nyumba tofauti ili watu wasiseme nadhiri ni ya uongo. John akiwa amevuka miaka 60 akaanguka ngazi, akaumia vibaya kichwani. Mji ukasema mkewe anastahili kunyongwa kwa kumwacha peke yake. Margery akamchukua kwake. Mzee alipoteza akili, akawa anajisaidia popote kama mtoto mdogo, na Margery akawa anafua na kukausha nguo kila siku kwa miaka, akilalamika kuni nyingi zinavyokwenda. Anasema alijifariji kwa kukumbuka jinsi alivyoutamani mwili huohuo ujanani. John alifariki karibu 1431. Mwana wao mmoja, aliyekuwa na mke wa Danzig, alifariki kipindi hichohicho, na mwaka 1433 Margery, na miaka yake 60, akapanda meli kumrudisha mkamwana kwao.

Hakujua kuandika. Kitabu chake alikisema kwa mdomo, akijiita humo kiumbe huyu, si mimi. Mwandishi wa kwanza alikuwa Mwingereza aliyeishi Ujerumani. Akafa, na mwandiko wake haukuwa Kiingereza wala Kijerumani. Padri aliyeombwa kuurekebisha alichelewesha kwa karibu miaka 4 kwa kuogopa maneno ya watu, na alipoanza macho yakamgomea. Akavaa miwani, mambo yakazidi kuwa mabaya. Hatimaye akaanza 1436, na sehemu ya pili 1438. Karibu 1501 mchapaji Wynkyn de Worde wa London alitoa kijikaratasi cha dondoo chache. Aliondoa safari, kesi, watoto, bia na mume, akabakiza mama mpole anayemsikiliza Yesu. Kwa miaka 400 na ushee Margery aliyejulikana ndiye huyo. Kitabu kizima kilitokea mwaka 1934 ndani ya nyumba ya familia ya Butler-Bowdon, na Hope Emily Allen, mtafiti kutoka Marekani, ndiye aliyekitambua. Leo kinahesabiwa kuwa tawasifu ya kwanza ya Kiingereza, na nakala hiyo moja iko Maktaba ya Uingereza, London.

Mwaka 1438, wakati padri akiandika ile sehemu ya pili, Chama cha Utatu cha Lynn kiliandika kwenye kumbukumbu zake mwanachama mpya. Jina ni Margery Kempe.